Simu Ilisema Mia Thelathini na Saba

Darinka alikuwa mtengeneza jibini. Senka, binti yake wa pekee, ndiye aliyekuwa akilipeleka mjini.

Waligawana kazi hivyo tangu Momir, mume wa Darinka, alipofariki. Mama alikamua ng'ombe, akachemsha maziwa, akakanda jibini na kulilaza tabaka juu ya tabaka kwenye pipa la mbao. Binti alipakia gari dogo la mizigo asubuhi, akateremka kutoka kijijini kwao, milimani karibu na mji wa Kolašin, mpaka Podgorica, mji mkuu. Huko alizungukia mikahawa na maduka, kisha akarudi kabla ya mazoezi ya jioni. Senka alikuwa golikipa wa timu ya mpira wa mikono ya Kolašin. Alikuwa mrefu, mwenye mikono mirefu, na watu walitania kwamba mpira wenyewe ukimwona unaona haya kwenda golini.

Barabara ya kwenda Podgorica ilikuwa moja tu siku zile. Barabara kuu mpya ilikuwa bado inajengwa huko juu milimani. Kwa hiyo kila mtu alipita ndani ya korongo la mto Morača, penye mwamba upande mmoja na mto upande wa pili. Kando ya barabara kuna mawe mengi yenye picha za waliokufa pale. Jiwe moja lina picha ya Momir. Alikuwa akikimbiza gari, akakosa kona. Hakuna aliyelificha hilo.

Basi kila Senka alipowasha gari, Darinka alitoka mlangoni akalitazama mpaka likapotea. Mwenye kuumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Novica, mdogo wake Darinka, alikuwa akiuza simu Podgorica. Alikuja kwao siku ya sikukuu ya mtakatifu mlinzi wa nyumba, akala nyama ya moshi na viazi, akanywa rakija, pombe kali ya matunda, kisha akaomba simu ya dada yake.

"Dada, unajitesa bure," alisema. "Siku hizi kuna programu. Naiweka kwenye simu yako na ya mtoto. Utaona yuko wapi na anakimbia kiasi gani. Akizidisha kilomita themanini kwa saa, simu yako inalia."

"Na mimi naulizwa?" aliuliza Senka.

"Asiye na cha kuficha haogopi kutazamwa," alijibu mjomba wake.

"Basi weka na kwenye yako, mjomba, mkeo aone unapoishia Ijumaa."

Meza nzima ilicheka. Darinka hakucheka. Alikuwa ameshaitoa simu yake mfukoni.

Kuanzia siku hiyo simu ilikaa mezani, karibu na chujio la maziwa. Darinka alitazama kidoti cha bluu kikiteremka korongoni, na tarakimu pembeni yake. Hamsini na nane. Sitini na tatu. Hamsini. Wakati mwingine maziwa yalifurika jikoni na yeye hakusikia.

Wiki ya kwanza haikwisha, simu ikalia. Tisini na nane. Darinka alipiga papo hapo.

"Senka! Unakimbilia wapi?"

"Mama, niko nyuma ya lori la mbao. Nikitaka kwenda tisini na nane inabidi nilipande mgongoni."

"Simu inasema tisini na nane."

"Na mimi nasema arobaini. Mshale wa mwendo uko hapa mbele yangu."

"Simu haina sababu ya kunidanganya."

"Na mimi ninayo?"

Darinka aliitazama tena tarakimu. Kisha akasema neno ambalo baadaye alitamani kulimeza.

"Baba yako naye kila siku alikuwa akisema anakwenda polepole."

Senka alikata simu.

Simu iliendelea kulia. Mia na tano. Themanini na tisa. Mia na kumi na mbili. Kila mara Senka alikana, na kila mara mama yake alimwonyesha tarakimu jioni, kama mwalimu anayemwonyesha mtoto makosa yake. Mara moja Darinka alificha funguo za gari, na timu ikaenda kucheza katika mji wa Bar bila golikipa. Walifungwa vibaya. Wasichana wenzake hawakumsemesha Senka kwa siku kadhaa.

Senka akaanza kuiacha simu ikilia bila kupokea. Darinka hapo ndipo alipoweka sheria.

"Nikipiga, upokee. Usipopokea, funguo zinabaki kwangu. Tumeelewana?"

"Hata nikiwa kwenye kona?"

"Hata ukiwa kanisani."

Mwezi wa Novemba mvua ilinyesha mfululizo. Asubuhi hiyo Senka alipakia mapipa, akavaa koti, akaondoka bila kuaga. Walikuwa wamegombana usiku uliotangulia kwa ajili ya mia na tatu.

Darinka alikuwa akikanda jibini simu ilipolia. Alipangusa mikono haraka, akatazama. Mia thelathini na saba.

Alipiga. Senka hakupokea. Alipiga tena. Hakupokea. Kichwani mwake Darinka aliliona jiwe lenye picha ya mume wake, na kando yake jiwe la pili. Alipiga mara ya tatu.

Simu ilipokewa.

"Mama, subi—"

Kikafuata kishindo. Kisha kelele za chuma. Kisha mvua tu, ikidunda juu ya kitu kama debe.

Darinka aliita jina la binti yake mpaka sauti ikamkauka.

* * *

Senka hakufa. Gari liligonga mwamba, halikwenda upande wa mto. Watu wengi walimwambia Darinka amshukuru Mungu kwa hilo, naye alishukuru. Lakini mkono wa kushoto wa Senka ulibanwa kati ya mlango na mwamba. Madaktari wa Podgorica waliupasua, wakaunga mifupa, wakaupasua tena. Kiwiko hakikunyooka tena.

"Ataweza kushika kijiko, kalamu, usukani," daktari alimwambia Darinka. "Mpira, hapana. Mambo ya golini yamekwisha."

Askari wa usalama barabarani alimfuata Darinka ukumbini hospitalini. Alikuwa mtu mzima, mpole. Alitaka kujua kilichotokea kabla ya ajali.

"Alikuwa anakimbia mia thelathini na saba," Darinka alisema. "Ninao ushahidi. Nilikuwa namtazama."

Askari aliitazama simu, akamrudishia.

"Mama, tumepima alama za matairi. Tumeliona gari lilivyobonyea. Binti yako alikuwa chini ya sitini. Kwa mia thelathini na saba pale, kwenye mvua, tusingekutana hospitalini. Tungekutana mahali pengine."

"Sasa kwa nini aligonga?"

Askari alisita. "Simu yake ilikuwa imeanguka chini kwenye miguu. Anasema aliinama kuiokota. Kuna mtu alikuwa anampigia."

Darinka hakuuliza ni nani.

Novica alipokuja, alisema askari hawajui teknolojia. Alisema programu ile inatumiwa na watu wengi duniani na ina nyota nne na nusu. Darinka alishikilia maneno hayo kama mtu anayezama anavyoshika unyasi. Kama simu ilisema kweli, basi kosa lilikuwa la Senka. Alijua kwamba analitaka liwe hivyo, na alijichukia kwa kulitaka.

Senka alirudi nyumbani mkono ukiwa umefungwa. Alimjibu mama yake kwa ndiyo na hapana. Mchezaji mwingine alichukua namba yake.

Jirani yao, ng'ambo ya ua, alikuwa mama mmoja aitwaye Ljuba. Yeye ni mpima ardhi. Kwa miaka mingi alipima viwanja, mipaka na barabara kwa vyombo vinavyoongea na setilaiti. Siku moja alileta maandazi ya moto na asali, akaketi jikoni kwa Darinka.

"Jirani, nimesikia habari ya hiyo mia thelathini na saba," alisema. "Nionyeshe."

Darinka alimwonyesha. Ljuba alitazama saa iliyoandikwa, akatazama mahali kwenye ramani.

"Hapa ni kwenye mdomo wa handaki, pale barabara inapopita ndani ya mlima."

"Sijui. Mimi nilitazama tarakimu tu."

"Kesho uko huru? Vaa koti. Tunakwenda huko."

"Sitaki kupaona mahali hapo."

"Najua. Lakini nikikueleza hapa jikoni, utaniamini mimi leo, na kesho utamwamini Novica. Ni afadhali uone kwa macho yako."

Kesho yake waliteremka kuelekea korongoni kwa gari la Ljuba. Ljuba aliendesha. Darinka alishika simu, programu ikiwa imefunguliwa.

"Nisomee unachoona," Ljuba alisema walipokuwa bado bondeni, mahali palipo wazi. "Mshale wangu unasema sitini na mbili."

"Hapa inasema sitini."

"Umeona? Mahali pa wazi inapima vizuri. Mara nyingine hata kuliko mshale wa gari, kwa sababu mishale ya magari huwekwa izidishe kidogo. Sasa ngoja niongeze mwendo. Inasema nini?"

"Bado sitini... Sasa sabini."

"Inachelewa. Sabini nimefika zamani. Unachokiona kwenye simu yako hakitokei sasa. Kimeshatokea."

Waliingia korongoni. Miamba ilisimama pande zote mbili, mbingu ikabaki kama utepe. Tarakimu zikaanza kurukaruka. Arobaini. Sabini na nane. Thelathini. Ljuba hakuwa amebadilisha mwendo hata kidogo.

Walipita handaki. Ndani yake tarakimu iliganda. Walipotoka upande wa pili Ljuba aliendelea kidogo, kisha akasogeza gari kwenye eneo la kuegesha, chini ya mwamba mkubwa, akazima injini.

"Sasa tumesimama," alisema. "Nisomee."

Darinka aliisogeza simu karibu na macho.

"Jirani, nisomee."

"Ishirini na sita," alisema Darinka kwa sauti ndogo. Kisha, "Hapana. Tisini na moja. Ljuba, inasema tunakwenda tisini na moja."

Simu ikalia mkononi mwake kutoa onyo. Gari lilikuwa limesimama kabisa. Mbuzi mmoja kwenye mwamba aliwatazama.

"Sikiliza," alisema Ljuba. "Simu haijui magurudumu yako yanazunguka vipi. Inasikiliza setilaiti zilizoko juu, inakisia uko wapi. Programu hii inachukua mahali ulipokuwa na mahali ulipo sasa, inapiga hesabu umesafiri haraka kiasi gani. Basi. Hapa mawimbi hayaji moja kwa moja. Yanagonga mwamba kwanza, kama mwangwi. Ndani ya handaki hayafiki kabisa, simu inabahatisha. Ukitoka, inajikuta mahali pengine ghafla, inafikiri umeruka. Na ukiruka mbali kwa muda mfupi, hesabu inatoa nini?"

"Mwendo mkubwa."

"Mia thelathini na saba."

Darinka alitazama mbele. Hatua chache kutoka pale, mwamba ulikuwa na mkwaruzo mweupe, na rangi ya kijani ya gari lao.

"Kwa hiyo nilimpigia mtoto akiwa kwenye mwendo wake wa halali," alisema.

"Ndiyo."

"Kwa sababu ya mwangwi."

"Ndiyo. Na nikwambie lililobaki, ingawa litakuuma?"

"Sema. Kuna mahali pengine pa kuuma?"

"Hata kama ingekuwa kweli, jirani. Hata kama Senka angekuwa anakimbia mia thelathini na saba, ungemsaidiaje kwa kumpigia? Mtu anayekimbia hivyo kwenye mvua ndiye mtu wa mwisho duniani wa kupigiwa simu."

Darinka alilia hapo garini. Ljuba hakumgusa wala hakumhimiza anyamaze. Alimwacha mpaka alipomaliza, kisha akawasha gari, wakarudi.

Jioni hiyo Ljuba alimwonyesha programu tatu za namna hiyo, alizozijaribu mwenyewe kwenye barabara ileile. Ya kwanza ilikuwa ile ya Novica.

"Hii haina haya," alisema. "Ikijua inasema, isipojua inasema vilevile. Hii ya pili ni bora. Mawimbi yakiwa mabaya inafuta tarakimu na kuandika kwamba haina uhakika. Chombo kinachokubali kusema sijui, hicho unaweza kukitumia kidogo."

"Na ya tatu?"

"Ya tatu inakuambia kamera za askari ziko wapi. Vijana wanaipenda. Wanapunguza mwendo kwenye kamera, wakishaipita wanakanyaga mafuta. Inajua kamera iko wapi. Mto uko wapi, haijui."

"Mimi niweke ipi?"

"Wewe?" Ljuba alimtazama. "Muulize Senka."

* * *

Darinka aliingia chumbani kwa binti yake. Senka alikuwa amelala chali, akinyoosha vidole vya mkono mbovu, kimoja kimoja, kama alivyofundishwa hospitalini.

"Nimekwenda na Ljuba korongoni," Darinka alisema. "Tulisimamisha gari. Simu ikasema tunakwenda tisini na moja."

Senka aliendelea na vidole vyake.

"Ulikuwa unasema kweli. Siku zote."

"Nilikwambia."

"Uliniambia."

"Mara ngapi, mama?"

"Nyingi."

"Na ulimwamini nani?"

Darinka alikuwa amejiandaa kuomba msamaha. Maneno alikuwa nayo, ameyapanga njiani. Lakini mbele ya swali lile yote yalionekana madogo. "Simu," alijibu.

"Haya," alisema Senka. "Funga mlango, baridi inaingia."

Majira ya baridi yalipita hivyo. Walikula meza moja, wakafanya kazi zizini pamoja, wakazungumza habari za ng'ombe. Novica alikuja mara moja, akaanza kusema kuna toleo jipya la programu, limerekebishwa. Darinka alimmiminia kahawa, akamwambia anywe kisha aende.

Theluji ilipoyeyuka Senka alisema anataka kuendesha tena. Gari lilikuwa limetengenezwa. Alizunguka kwanza uwanjani nyuma ya kiwanda cha kupasua mbao, Ljuba akiwa pembeni yake, mpaka kiwiko kikajua mahali pake kwenye usukani.

Jioni moja wote watatu walikaa jikoni kwa Darinka. Ljuba ndiye aliyeanza.

"Kabla ya safari, tukubaliane. Programu ya kutazamana?"

"Nimeshaifuta," alisema Darinka. Akaweka simu mezani, waione.

"Vizuri. Mtu mzima hatazamwi bila kutaka. Senka, mwendo utausoma wapi?"

"Kwenye dashibodi. Mshale. Na macho barabarani."

"Simu yako?"

"Kwenye kisanduku cha gari, imefungiwa. Nimeiweka iwe kimya nikiwa naendesha. Mtu akipiga inajibu yenyewe: ninaendesha, nitakupigia nikifika."

"Ukihitaji kupiga?"

"Nasimama kwanza. Pembeni, si kwenye kona."

"Na mama yako akiwa na wasiwasi?"

Hapo Senka aligeuza kikombe chake.

"Nikifika nitapiga," alisema. "Lakini nitakupigia wewe, shangazi Ljuba. Wewe utamwambia."

Ljuba alimtazama Darinka, kisha akamtazama Senka. "Si afadhali umpigie mwenyewe? Ni mama yako."

"Nikiona jina lake kwenye simu, mkono unatetemeka. Huu hapa." Aliuinua mkono wa kushoto, uliokunjika. "Sisemi kwa hasira. Ndivyo ulivyo."

Darinka aliinuka, akatia kuni kwenye jiko, akarudi mezani.

"Iwe hivyo," alisema Darinka.

Safari ya kwanza ilikuwa siku ya jua. Darinka alisaidia kupakia mapipa. Hakusema nenda polepole. Alisema, "Pipa la mwisho limelegea kifuniko, uliweke nyuma," na Senka akaliweka nyuma. Gari likatoka.

Saa zile zilikuwa ndefu kuliko zote Darinka alizowahi kusubiri. Hakuwa na kidoti cha bluu. Hakuwa na tarakimu. Mara mbili mkono wake ulikwenda kwenye simu, na mara mbili aliurudisha kwenye jibini. Alikanda mpaka mabega yakauma. Ndipo Ljuba alipotokea uani, akapaza sauti juu ya ua.

"Amefika!"

"Asante," alisema Darinka.

Ikawa ndiyo desturi yao. Senka alipeleka jibini mwaka huo wote, kwenye mvua na kwenye barafu, na gari halikupata hata mkwaruzo. Alianza kuwafundisha wasichana wadogo kukaa golini, Jumamosi, kwa kuwaelekeza kwa mdomo na kwa mkono mmoja. Nyumbani alianza tena kutania, ingawa si kila siku, na si na mama yake kwanza.

Kijijini wengi walikuwa na programu kama ile. Darinka hakumficha mtu yaliyompata. Siku moja alikuwa na mgeni, Milunka, ambaye mwanawe anaendesha lori. Walikuwa katikati ya kahawa simu ya Milunka ilipolia kwa sauti ambayo Darinka aliijua.

"Mungu wangu, mia na ishirini!" Milunka alisema, akianza kubonyeza. "Leo atanitambua huyu!"

Darinka aliweka kiganja chake juu ya simu.

"Usipige."

"Darinka, anakimbia!"

"Labda. Au labda yuko chini ya mwamba. Hujui, na simu haijui. Kama anakimbia, mwache mikono yote miwili iwe kwenye usukani. Utamgombeza akiwa amekaa hapa, anakula."

"Nitakaaje bila kujua?"

"Utakaa. Mimi nitakaa na wewe."

Wakakaa. Milunka hakuweza kunywa. Baada ya muda mwanawe alipiga mwenyewe kutoka ghalani Podgorica, akauliza kwa nini mama anapumua hivyo. Milunka alicheka na kulia pamoja. Alikuwa bado anajifuta macho pale sauti ya Ljuba ilipotoka ng'ambo ya ua.

"Amefika!"

"Asante!" Darinka aliitikia.

"Nani amefika?" aliuliza Milunka.

"Senka."

"Sasa kwa nini hakupigii wewe?"

Darinka alimwongeza kahawa mgeni wake, polepole, mpaka kikombe kikajaa.

"Kwa sababu hivyo ndivyo anavyoendesha vizuri," alisema.